Kombe la Novemba

Uongo wa kwanza niliusema nikiwa nimeshika sahani ya samaki. Mzee alikuwa amegeukia ukuta na kukaza midomo, chakula kinapoa, nami nimebakiza dakika tisa kabla ya kukimbilia mlango mwingine. Ghafla akaniuliza, "Kaunti imefanyaje jana?" Sikujua ni kaunti gani wala ilitakiwa kufanya nini. Nikajibu, "Imeshinda." Akageuka, akala samaki wote pamoja na viazi, kisha akaomba maji.

Sasa niambie, nani angeacha dawa inayofanya kazi namna hiyo?

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, hemtjänst kama inavyoitwa hapa Stockholm. Asubuhi natoka Alby kwa treni nyekundu, nabadilisha katikati ya mji, napanda ya buluu mpaka Akalla, halafu siku nzima nazunguka mlango hadi mlango na funguo kiunoni. Kila mlango una dakika zake ndani ya simu. Ishirini za chai na soksi za kubana miguu, kumi na tano za chakula cha mchana. Ukizidisha kwa huyu, kuna bibi ghorofa ya sita anayekungoja akiwa amelowa. Simu inajua umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Ulichosema ukiwa ndani haikijui.

Mzee alitoka Ayalandi akiwa kijana, akafanya kazi ya uhandisi Kista miaka yote, akaoa Mswidi, akazika Mswidi. Kumbukumbu ilipoanza kumponyoka, Kiswidi ndicho kilichotangulia kuondoka. Wenzangu wakawa hawaelewani naye. Msimamizi akaniambia, "Wewe si unajua Kiingereza?" na ndivyo nilivyopewa funguo zake. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu Kenya hiyo ni heshima, akalipenda hilo jina. Yeye aliniita msichana, mimi mwenye miaka arobaini na minane na magoti yanayolia nikipanda ngazi.

Kwetu ukitaja kaunti, mtu anawaza gavana na barabara iliyochimbwa ikaachwa. Kwa Mzee, kaunti ilikuwa watu kumi na watano wenye jezi. Mpira wao wa Kigaeli alinifundisha mezani kwa chungwa. Unaruhusiwa kuushika kwa mikono, lakini huendi nao mbali. Hatua nne, unaudundisha chini au unaupiga kwa ncha ya mguu urudi mikononi. Alisimamisha uma mbili ndani ya glasi kuwa milingoti ya goli. Chungwa likipita juu ya mwamba ni pointi moja, likiingia chini wavuni ni tatu. Nilimwambia huo si mpira, ni ugomvi uliowekewa sheria. Alicheka mpaka akakohoa.

Jambo nililolipenda ni kwamba hakuna anayelipwa. Wanacheza fainali mbele ya uwanja uliojaa pomoni, na Jumatatu mmoja anarudi kufundisha hesabu na mwingine kuchimba mitaro. Tena mchezaji huchezea kaunti yake ya nyumbani. Hanunuliwi akapelekwa kaunti nyingine kwa sababu wana hela. Mimi niliyehama nchi mbili nikifuata mshahara nilimsikiliza nikimenya lile chungwa.

Nikawafahamu wachezaji wake wakubwa kuliko ninavyowafahamu majirani zangu wa Alby. Kulikuwa na kipa mwokaji mikate, aliyedaka mechi nzima kidole kikiwa kimevunjika na kesho yake akakanda unga kwa mkono mmoja. Kulikuwa na ndugu wawili wa nyuma ambao hawakuamkiana miaka mingi kwa ajili ya ua wa mpaka wa shamba, lakini uwanjani walipasiana bila hata kutazamana. Na juu ya wote, yule wa mguu wa kushoto, aliyekamua ng'ombe alfajiri na kufunga pointi mchana. Mzee mwenyewe alikaa benchi msimu mmoja. Hakuingizwa hata dakika moja, na hilo alilisimulia kwa fahari kubwa kabisa.

Mara ya mwisho kaunti kuchukua kombe, Mzee alikuwa mtoto na alikuwa na surua. Baba yake alikwenda uwanjani, yeye akabaki kitandani akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Baba aliporudi alimwambia usijali, mwaka ujao tutakwenda wote wawili. Mwaka ujao haukufika. Kuna kipindi nusu ya timu ilihamia ng'ambo kujenga nyumba za wengine, na Mzee akaondoka na wimbi hilohilo. Kisha ikaja fainali aliyorudi nyumbani kuitazama akiwa na mke na mtoto wa kike begani. Wako nyuma kwa pointi moja, dakika ya mwisho, mpira uko kwa yule wa mguu wa kushoto. Akaupiga, ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani. Kila alipofika hapo Mzee alifumba macho.

Baba yake alikuwa amenunua chupa ya wiski ya kufungua siku ya kombe. Alikufa haijafunguliwa. Mzee akaja nayo Stockholm, akaiweka juu ya rafu ya kofia mlangoni, kizibo kimefungwa kwa nta nyekundu na shingoni kuna karatasi yenye mwandiko wa baba: "Siku ya kombe." Nilikuwa nikiipangusa vumbi kila Ijumaa.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa mgeni aliyeropoka jambo asilolijua thamani yake.

Nilijitetea kwa desturi. Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya, mnamletea nzuri na kama haipo mnaitengeneza. Nyanya yangu alipolazwa, ng'ombe wake alikufa, nasi wajukuu tukawa tunanunua maziwa kwa jirani na kumpelekea tukisema ni ya ng'ombe wake. Alipopona akaliona zizi tupu. Hakutukaripia, ila hakunywa tena maziwa niliyoleta mimi. Mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mkongomani, niliposimulia habari za Mzee na ushindi wake wa kila wiki, aliniunga mkono palepale. "Dada, haiko mubaya. Njo vile tunafanyaka kwetu pia. Akule, alale, c'est tout, basi." Lakini binti yangu wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa hapa, aliinua macho kwenye simu yake akasema, "Men mamma, du ljuger ju för honom." Kwamba ninamdanganya. Nilimwambia aoshe vyombo.

Mwaka wa kwanza uongo ulikuwa mchezo wetu, maana Mzee alikuwa ananikamata. Wakati wa masika ya huku nikisema imeshinda, alitaka kujua kwa ngapi, nami nikaanza kutazama matokeo kwenye treni ili nisiumbuke. Mvua ya vuli ilipoanza nikasahau, nikasema tena imeshinda. Akanitazama juu chini. "Msichana, msimu umekwisha. Sasa hivi wanakamua ng'ombe." Tukacheka wote wawili.

Mwaka wa pili, Novemba, hakunikamata. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha.

Ilikuwa Jumapili saa saba mchana na nje kumekwisha kuwa kijivu. Alikuwa hajala tangu juzi yake. Nimepasha supu mara mbili, simu inaonyesha dakika sita. Akaniuliza kaunti, nikasema imeshinda. Nikangoja anichekee na ng'ombe wake. Badala yake akashika mikono ya kiti akainuka nusu.

"Fainali?" akauliza. "Ni kombe?"

Ningeweza kusema hapana, Mzee, mechi ya kawaida tu. Maneno yalikuwepo. Lakini alikuwa amesimama, mtu ambaye siku tatu nzima nilimwinua kama gunia, na kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Kombe."

Sijawahi kuona furaha kama ile, si kanisani, si harusini. Alilia kwa sauti, mikono kichwani. Akaniuliza habari za kipa na kidole chake. Akaniuliza, kwa woga, "Na wa mguu wa kushoto? Haukugonga mlingoti?" Nikasema, "Haukugonga. Umepita katikati." Akaketi na kujifuta uso kwa kitambaa cha meza. Kisha akanyoosha kidole mlangoni, kwenye rafu ya kofia.

Nilimletea chupa. Mimi mlokole, ambaye hata keki yenye pombe siili, nilikwangua nta kwa kisu cha siagi, nikang'oa kizibo, nikammiminia kidogo kwenye kikombe cha chai. Akaniwekea na mimi tone, nikalowesha midomo. Aliinua kikombe kumwelekea mtu ambaye hakuwepo na kusema, "Haya, Baba."

Halafu akasema, "Mpigie binti yangu."

Binti yake aliishi Gothenburg. Alikuja kila mwezi, alipiga simu kila wiki, na mechi alizitazama zote. Kumpigia kungekuwa kumwambia kwamba mfanyakazi wa chakula cha mchana amempa baba yake kombe la bandia na kufungua chupa ya babu yake. Kazi ningeipoteza kabla ya Jumatatu. Nikatoa simu, nikaiweka sikioni bila kubonyeza namba. Nikasimama hivyo, nikihesabu moyoni kama mtu anayesikiliza mlio. Nikasema, "Hapokei."

"Atakuwa kwenye treni," Mzee akasema, akimtetea. "Utampigia tena?"

"Nitampigia."

Alikula supu yote. Nilichelewa dakika kumi na nne kwa yule bibi wa ghorofa ya sita. Kesho yake nilikuja na mshumaa mwekundu wa Krismasi, nikadondoshea nta kwenye kizibo nikaizungusha kwa kidole. Rangi haikufanana vizuri. Nikairudisha chupa rafuni, upande mzuri ukitazama mlangoni.

Nilidhani atasahau. Mambo mengine yote aliyasahau: kama amekula, kama mke yupo, jina la mji alimokaa zaidi ya nusu ya maisha yake. Binti alipomwambia kwa simu kwamba kaunti imefungwa, kesho yake hakuwa nalo. Lakini wangu ulikuwa uongo wa kila siku, nao ukaota mizizi. "Tulichukua kombe, sivyo?" alianza kuniuliza asubuhi nikimvalisha soksi. "Ndiyo, Mzee." Kufikia kiangazi hakuuliza tena. Alijua, na aliishi nalo kwa utulivu kama anavyoishi mtu na jambo lililokwisha.

Na kiangazi hicho kaunti ikaanza kushinda kweli.

Walikuwa wamepata kocha mpya, mwalimu wa shule, na vijana ambao Mzee hakumjua hata mmoja. Nilikuwa nikiangalia matokeo kwenye treni. Robo fainali wakapita. Nusu fainali wakapita kwa pointi moja. Mimi, pengine Mwafrika pekee kwenye treni ya buluu mwenye shida hiyo, nilipiga goti kitandani Alby nikamwomba Mungu washindwe. Naandika hili kwa aibu. Kumwombea mabaya mwenye njaa ya miaka yote hiyo, ili uongo wangu usigundulike.

Jumapili ya fainali binti alikuja na kompyuta na jezi ya baba yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka rangi yake haijulikani. Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye mikono ya baba yake. Alinikuta naosha sahani akaniomba nibaki. "Anakutaja sana," aliniambia kwa Kiswidi. "Wewe ni wa familia." Nilijitoa kazini kwenye simu, nikakaa kwenye kiti cha jikoni karibu na mlango. Akanisimulia kwamba utotoni wao wawili walitazama kila mwaka pamoja, na kaunti ikitolewa baba yake alishuka chumba cha kufulia nguo cha jengo, akakaa peke yake mbele ya mashine mpaka nguo zikamilike. Yeye alikuwa akimngoja kwenye ngazi. "Tukishinda leo," akasema, "nataka tu kumwona uso."

Akaenda kwenye rafu ya kofia kuchukua chupa ili iwe tayari mezani. Nta yangu ikamdondokea mkononi, kipande kizima.

Alivuta kizibo, kikatoka bila shida. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Hakukasirika. Alimgeukia baba yake akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumuumiza, "Baba, umeifungua?"

Mzee aliitazama chupa muda mrefu. Aliitafuta hiyo siku kichwani mwake na niliona akiikosa. Akanitazama mimi. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Samahani, mpenzi. Sikukusudia."

Nami nilikuwa nimekaa pale na taulo la vyombo magotini. Mdomo nilikuwa nao, na ulimi. Nikamwacha mzee wa watu aombe msamaha kwa kosa langu, mbele ya mtoto wake, kwa chupa ya baba yake. Binti alimbusu kipajini akasema si kitu.

Walishinda. Sitaeleza mechi, sikuiona, macho yalikuwa kwenye skrini tu. Najua kwamba mwishoni kijana mmoja alipiga kwa mguu wa kushoto na mpira ukapita katikati kabisa. Binti akaruka, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika baba yake mikono yote miwili. Alikuwa akilia na kupiga kelele. "Baba, tumeshinda! Kombe, Baba! Kombe!"

Mzee alimpapasa mkono kwa upole. "Najua," akasema. "Tulichukua. Nilikupigia simu, hukupokea."

Kelele zilizobaki zilikuwa za ndani ya kompyuta. Binti alimtazama kidogo, akitafuta ule uso alioutaka, kisha akaifunga kompyuta. Kwenye korido aliniambia, "Anachanganya mambo. Tumechelewa." Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia, ndiyo, nikamsaidia kuvaa koti.

Nyumbani binti yangu aliniuliza, "Grät han?" Kama Mzee alilia. Nikasema hakulia, nikamweleza kwa nini, chupa, simu na yote. Safari hii hakuniita mwongo. Alisema tu, "Säg det till henne." Mwambie. Kana kwamba ni kazi ya kuosha vyombo.

Ilinichukua wiki tano. Mzee alikuwa amehamishiwa nyumba ya wazee upande wa Kista, anakolishwa na watu wasiojua kaunti, na binti alikuwa akifunga vitu vya nyumbani kwenye maboksi. Nilikwenda kurudisha funguo. Tulizungumza tukiwa tumesimama, maana viti vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Nilianzia kwenye samaki. Nikamweleza Novemba, supu, mlingoti, kisu cha siagi, mshumaa. Nikamwambia alilia kwa sauti na mikono kichwani, kwamba ule uso ulikuwepo, niliuona mimi. Nikamwambia aliinua kikombe akasema haya, Baba. Nilidhani hilo litampa kitu. Alikuwa ameshika chupa akiizungushia gazeti, na mikono yake ikasimama.

"Na simu?" akauliza. "Alisema alinipigia."

"Aliniambia nikupigie. Niliiweka sikioni tu. Sikubonyeza namba. Nikamwambia hupokei."

Akamaliza kuizungushia chupa gazeti, akaipanga ndani ya boksi kati ya sahani, akachukua funguo mkononi mwangu. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, anishtaki, anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa hata anisamehe.

"Ningepokea," akasema.